Siku 56 za Nyarugusu

Kila Julai wanafunzi wa field wanapoanza kuripoti kwetu, hapa Kahama, swali langu la kwanza kwao halihusu miamba. Nikishapokea shikamoo na barua ya utambulisho, nauliza: "Umeshasaini?" Wengi hushtuka. Wametoka Dar es Salaam, Dodoma au Mbeya wakiwa wamejiandaa kuulizwa dhahabu hukaa kwenye mwamba wa namna gani, nami nawauliza habari za fedha. Lakini aliyeondoka chuoni bila kusaini namtambua hata kabla hajajibu. Anaangalia chini, anasema fedha itaingia tu, na anasema njaa haimsumbui. Maneno hayo niliyasema mimi, mwaka 2016, nikiwa mwaka wa tatu wa jiolojia.

Kwa ambaye hakupita huko: mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hauji kama donge moja. Una mafungu. Kuna ada, kuna vitabu na viandikwa, kuna mahitaji maalumu ya kitivo, kuna chakula na malazi, ambalo ndilo bumu lenyewe, linalosubiriwa kama mvua ya kwanza. Halafu kuna fungu la mafunzo kwa vitendo, fedha ya kumwezesha mwanafunzi kuishi mbali na chuo wakati anajifunza kazi kwa wanaoifanya. Mwaka ule chakula na malazi vilihesabiwa kwa shilingi 8,500 kwa siku. Field ilikuwa hadi shilingi 10,000 kwa siku, kwa siku zisizozidi 56. Wiki nane. Nilipangiwa kiwango kamili, yaani shilingi 560,000, na nilikuwa sijawahi kushika kiasi hicho kwa mkupuo nikiwa mbali na chuo.

Nyumbani ni Kishapu. Baba alikuwa mkulima wa pamba na mtama, mama akiuza michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, mnadani. Nikiwa mtoto niliona vilima vya kifusi vya Mwadui, mgodi wa almasi alioufungua John Williamson mwaka 1940, nikaamini ni vilima vya Mungu kama vingine. Nilipoambiwa kwamba ni watu walioutoa udongo ule chini na kuurundika, sikulala vizuri. Nadhani jiolojia yangu ilianzia usiku ule.

Migodi mikubwa ya ukanda wetu ni michache na vyuo ni vingi. Niliandika barua kwa miwili. Mmoja ulinijibu kuwa nafasi zimejaa, mwingine haukujibu. Mhadhiri mmoja aliyekuwa akifanya utafiti Geita akaniunganisha na mwenye leseni ndogo ya uchimbaji kule Nyarugusu, ambako watu wamechimba dhahabu tangu enzi za ukoloni. Nikafurahi kupita kiasi, na furaha ile ndiyo iliyoniponza. Ubaoni palikuwa na tangazo kwamba karatasi za kusaini fedha ya field zitakuja wiki inayofuata. Wenzangu wakasubiri. Mimi nilitaka kupita nyumbani kwanza, na tiketi nilikuwa nimeshakata. Rafiki niliyeishi naye chumba kimoja akaniambia, "Subiri usaini, wiki moja si kitu." Nikamjibu kwamba watanitumia benki. Nilikuwa nimesaini mara ngapi kwa miaka mitatu? Nilijua kabisa kwamba pasipo sahihi fedha haiendi benki. Nilikuwa na haraka tu, nikaipa haraka yangu jina la imani.

Mama aliposikia Nyarugusu, akaketi. Miezi michache nyuma, mwishoni mwa mwaka 2015, wachimbaji watano walikuwa wametolewa hai katika mgodi wa Nyangalata, hukuhuku Kahama, baada ya kukaa chini ya ardhi siku 41. Mkoa mzima wa Shinyanga ulikuwa bado unazungumza habari hiyo. Jinsi walivyokula mizizi na wadudu, jinsi mmoja alivyofariki baadaye hospitalini. Mama hakusoma shule nyingi lakini hesabu anaijua. "Wenzako siku 41," akasema. "Wewe unakwenda siku 56." Akanifungia michembe kwenye mfuko wa sukari, kilo kama nne, akanipa shilingi 40,000 alizokuwa ameziweka kwa ajili ya mbegu. Nikazipokea. Nikamwambia nitamrudishia wiki ijayo, fedha ya field ikiingia.

Njia ile naifahamu sasa kama kiganja: Shinyanga, Tinde, Isaka, Kahama, kisha Kakola kwenye lango la Bulyanhulu, halafu Bukoli, na kutoka Bukoli bodaboda mpaka Nyarugusu. Wakati ule vumbi la kuanzia Kahama lilikuwa linaingia mpaka kwenye meno. Nilifika jioni. Mwenye leseni akanikabidhi kwa mzee mmoja, mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, na mzee akanikabidhi kwa mama lishe aliyekuwa na chumba cha kupangisha nyuma ya banda lake la chakula. Chumba kilikuwa shilingi 15,000 kwa mwezi. Nikalipa mwezi mmoja, nikabaki na noti chache na michembe.

Asubuhi yake nilimkuta yule mama anachota uji. Nikamwamkia, "Mwangaluka, mayu," akacheka kwa furaha kusikia mtoto wa chuo anaamkia Kisukuma. Akanipa kikombe. Nilipotoa sarafu akanizuia, akafungua daftari.

Lile daftari nitalieleza kwa utulivu, kwa kuwa ndani yake nilijifunza mambo ambayo hayakuwa kwenye muhtasari wa field. Lilikuwa daftari kubwa la mistari, kurasa zake zimelainika kwa mafuta. Kila duara lilikuwa na ukurasa wake. Chini ya jina la duara yaliandikwa majina ya wachimbaji, na mbele ya kila jina vijiti: kijiti kimoja sahani moja. Wachimbaji hawakuwa wanalipa. Duara ndilo lililokuwa linakula. Mwenye duara alidhamini chakula, magogo ya matimba, mafuta ya jenereta, pampu ya kuvuta maji, nyundo na tindo, wakati mwingine kwa miezi, bila kuona hata punje ya dhahabu. Wachimbaji nao walitoa nguvu zao bila mshahara. Siku duara litakapotema, yaani kutoa dhahabu, mawe yatagawanywa kwa mifuko: fungu la mwenye leseni, fungu la mwenye duara, fungu la wachimbaji, kwa mgao unaotofautiana eneo hadi eneo. Kila mtu atapeleka mifuko yake kwenye karasha, isagwe, ioshwe, ikamatwe kwa zebaki. Na kama duara halikutema, mwenye duara amepoteza chakula chake chote, nao wachimbaji wamepoteza miezi yao. Hakuna anayemdai mwenzake. Vijiti hufutwa.

Mama lishe akaandika chini kabisa ya ukurasa wa duara letu: *Dada wa chuo*. Akachora kijiti.

"Mama, mimi nitalipa mwenyewe, fedha yangu ya chuo inakuja," nikamwambia.

"Ukurasa ni wa duara, mwanangu," akasema. "Umeshaingia duarani, kula."

Sikuwa nimeingia hata kidogo. Siku sita za kwanza sikuruhusiwa kukaribia mdomo wa shimo, kwa kuwa baadhi ya wachimbaji waliamini mwanamke akikanyaga pale dhahabu inahama. Nilikaa kwenye winchi, nikachora mawe yaliyopandishwa, nikaandika rangi zake na uzito wake. Sikubishana nao. Nilikuwa nakula chakula chao. Siku ya saba mzee aliwaambia vijana wake, kwa sauti ya chini ambayo hata hivyo wote waliisikia, kwamba duara hili limekaa miezi mitatu bila kuona mwanamke na bado halijatema, kwa hiyo hana la kupoteza. Nikavaa kofia, nikafungwa kamba, nikashuka futi 90.

Chini kule nilikuwa na furaha ambayo sijui niielezeje. Ukuta wa mwamba uliokuwa unavuja maji, matimba ya miti mibichi yakinuka utomvu, na katikati ya mwamba wa kijivukijani mkanda wa jiwe jeupe la kwatzi, upana wa kiganja changu, ukipita kama mshono kwenye nguo. Miamba ile ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Niliigusa na kulia kidogo, gizani, pasipo mtu kuona.

Fedha haikuingia. Siku ya kumi na tano rafiki yangu alinipigia: majina yamebandikwa, wenzetu wote wamesaini, jina langu lina nafasi tupu mbele yake, na karatasi zinarudishwa baada ya siku chache. Akanyamaza kidogo kisha akasema, "Nikusainie? Sahihi yako naijua."

Nilimwambia nitampigia kesho. Usiku ule nilikaa kitandani nikipiga hesabu. Kwenda chuoni Dar es Salaam na kurudi, kutoka Nyarugusu, kuligharimu kama shilingi 110,000, na nilikuwa na 7,000. Rafiki yangu angeweka mwandiko wake kwa sekunde mbili na nisingepoteza chochote. Walikuwapo waliofanya hivyo wakapita salama. Wengine walikamatwa, na waliopoteza walikuwa wawili, aliyesainiwa na aliyesaini. Hilo la pili ndilo lililonikaba. Yeye hakuwa na haraka yoyote. Alikuwa amesubiri wiki yake kama ilivyotakiwa, na sasa nilitaka achukue hatari kwa ajili ya wiki niliyoikataa mimi.

Asubuhi nilimweleza mama lishe. Aliniuliza swali moja tu, kama fedha ipo kweli. Nikasema ipo. Mchana akaenda kwenye kikoba chao, kina mama ishirini na kitu wanaokutana chini ya mwembe, akakopa shilingi 120,000 kwa jina lake, kwa mwezi mmoja, na ya kurudisha 132,000. Akanihesabia noti mkononi. Nilikuwa nimemfahamu siku kumi na sita.

Nilisafiri kutwa na nusu, nikafika chuoni miguu imevimba, nikasaini kwa nusu dakika, nikageuka. Basi la kurudi lilipita Dodoma nikiwa macho, nagawanya 110,000 kwa 10,000. Siku 11. Katika siku zangu 56 nilikuwa nimezitupa 11 kwa sahihi moja, na hizo zilikuwa za nauli pekee, bila kuhesabu siku nne nilizokuwa barabarani wakati wenzangu wanapima miamba. Namba ndogo kama hizo zinafundisha. Kabla ya hapo nilikuwa nimeona mkopo kama kitu cha serikali, kikubwa, kisicho na mwisho wala umbo. Sasa niliuona kama siku. Kila noti ya elfu kumi ilikuwa siku yangu moja ambayo mtu mwingine alikuwa ameilipia, akingoja nirudi nayo na kitu.

Fedha iliingia nikiwa nimesharudi. Nikalipa kikoba, 132,000, kabla ya mwezi kwisha. Nikamtumia mama 40,000, mvua za kupanda zilikuwa bado. Nikaenda kwa mama lishe na fedha ya sahani zangu zote. Akakataa, akasema hiyo si yake kupokea, ni ya mwenye duara. Nikamfuata mzee. Mzee akasema, "Weka, binti yangu. Duara likitema tutahesabiana."

Duara likitema. Nikarudi chumbani na fedha zile, na kuanzia hapo nikaanza kulitamani lile duara liteme kuliko wenye nalo. Kumbe nilikuwa nimeanza kuugua.

Katika wiki yangu ya sita mkanda ulikatika. Vijana walikuwa wanaufuata vizuri, mara ukagonga mpasuko na ng'ambo ya mpasuko palikuwa na mwamba mtupu. Hili hutokea mara nyingi: ardhi ilijongea zamani, ikaukata mkanda na kuusogeza. Swali huwa ni moja, umesogea upande gani. Ukichagua vibaya unatoboa mawe matupu kwa gharama ileile ya chakula, mafuta na matimba. Mzee akanishusha chini, akainua taa, akasema mbele ya vijana wake watano: "Haya, dada wa chuo. Umekwenda wapi?"

Nilitoa dira. Nikapima mwelekeo wa mpasuko, nikapima mwinamo, nikaangalia mikwaruzo kwenye uso wa mwamba. Vijana walikuwa wamesimama karibu yangu na nyundo zao, mtaimbo umeegemezwa ukutani, kwenye bega langu kabisa. Nilipima mara moja. Ndani yangu palikuwa na sauti ikisema rudia, na mhadhiri wetu alikuwa ametuambia darasani, si mara moja, kwamba ukanda wa Geita umejaa miamba ya chuma yenye sumaku na kwamba dira huku hudanganyika, achilia mbali kuishika karibu na mtaimbo. Nililijua jambo hilo. Niliwahi kulijibu kwenye mtihani.

Lakini nilikuwa nimekula siku arobaini. Vijiti vyangu vilikuwa vimefika mstari wa pili. Kina mama wa mwembeni walinikopesha wasionijua. Mtu anayedaiwa kiasi kile hawezi kusema *sijui* kirahisi; anataka kulipa, na kitu pekee nilichokuwa nacho cha kulipia kilikuwa jibu. Nikanyoosha mkono. "Nadhani mashariki," nikasema. "Mashariki."

Wakatoboa mashariki siku tisa. Walitoa kifusi mifuko kwa mifuko, wakaweka matimba mapya, jenereta likanguruma usiku na mchana, na mimi nikashuka kila siku kuutazama ule ukuta, kila siku nikiuona mtupu zaidi. Siku ya tisa nilikwenda peke yangu kwenye mpasuko, wakati vijana wako juu wanakula. Sikuwa na chuma chochote karibu. Nilipima upya. Sindano ilikaa mahali pengine kabisa. Nilihamisha mtaimbo uliokuwa pembeni, nikausogeza karibu na dira, sindano ikageuka taratibu na kurudi kwenye jibu langu la kwanza.

Nilipanda nikamwambia mzee. Nilimwambia yote, pamoja na kwamba nilifundishwa. Hakunigombeza. Alitazama jenereta muda mrefu. Akasema mafuta yaliyobaki ni ya siku mbili, na maji yanazidi nguvu ya pampu. Walijaribu upande wa magharibi siku hizo mbili, wakaishia njiani. Alilisimamisha duara siku yangu ya 55.

Vijana waliondoka asubuhi, wawili kuelekea Rwamgasa, mmoja Mgusu, wengine sijui wapi, kila mmoja na godoro lake limekunjwa. Miezi mitano ya nguvu zao, na hakuna aliyebeba hata jiwe. Waliniaga vizuri. Kaka aliyekuwa anaendesha winchi alinipa kipande cha kwatzi alichokuwa amekihifadhi, kisicho na dhahabu, akasema nikaonyeshe chuoni. Mzee aliuza ng'ombe kumlipa mama lishe sehemu ya ukurasa. Nilipompelekea tena fedha ya sahani zangu alizipokea safari hii, zote, akazihesabu na kunishukuru, na shukrani ile ilinichoma zaidi ya tusi.

Ripoti yangu ya field ilipata alama A. Niliandika ndani yake habari ya dira na mtaimbo, kwa uwazi, kama somo. Msimamizi akapigia mstari ukurasa ule na kuandika pembeni kwamba huo ndio uchunguzi wa kweli. Alama ile imo kwenye cheti changu hadi leo.

Nimelifikiria jambo hili kwa miaka. Shilingi 560,000 zilinilipia chumba, nauli, chakula. Kosa langu halikuwa na fungu lake kwenye mkopo. Siku tisa za jenereta, matimba, sahani za watu watano. Somo lile nililopewa A lilinunuliwa kwa ng'ombe wa mzee mmoja wa Nyarugusu, na hakuna fomu yoyote nchini ambamo jina lake limeandikwa kama mfadhili wa elimu ya juu. Nadhani ndivyo ilivyo kila mahali wanafunzi wanapokwenda nje ya chuo. Mwalimu wa mazoezi anapofundisha vibaya, gharama ni ya watoto wa darasa lile. Muuguzi mwanafunzi anapokosa mshipa mara tatu, mkono ni wa mgonjwa. Bodi inampa mwanafunzi fedha za kula, nao wenyeji wanampa haki ya kukosea, na hiyo ya pili ndiyo ghali.

Sitaki pia kulipamba duara. Wapo wanaosifu utaratibu ule wa kufuta vijiti, kwamba mfadhili anakula hasara pamoja nawe, ukilinganisha na deni la Bodi ambalo halifutiki kwa sababu maisha yamekwenda kombo. Niliyaona yale magodoro yaliyokunjwa. Mtu ambaye hadaiwi chochote kwa kuwa hakupata chochote si mtu huru. Na fedha ninayorejesha mimi inakwenda kumkopesha mwingine. Hilo nalipenda, nalipenda kweli. Ingawa lilikuja na uchungu wake. Nilipotia saini mkataba wa mkopo, makato yalikuwa asilimia 8 ya mshahara. Kabla sijamaliza chuo sheria ikabadilishwa, yakawa asilimia 15, kwa wote, hata kwa tuliokopa zamani. Nilipoajiriwa mwaka 2018 mshahara wa kwanza ulinitoa machozi. Ile asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo, iliyokuwa ikiongezwa kila mwaka na kulifanya deni linenepe wakati unalilipa, iliondolewa mwaka 2021. Rais Samia alitangaza kuondolewa kwake Mei Mosi, Mwanza, na siku ile ofisini kwetu watu walikumbatiana. Kukopesha watoto wa maskini naona ni jambo la haki. Kubadilisha masharti wakati mtu ameshakula, hapana. Hata daftari la mama lishe halikufanya hivyo.

Nilirudi Nyarugusu baada ya miezi kadhaa ya kazi, nikiwa na kitenge kwa ajili ya mama lishe na fedha kwenye bahasha kwa ajili ya mzee. Mama lishe alikuwa amejenga banda la bati. Duara letu lilikuwa limejaa maji, kando yake mtu analima viazi. Mzee nilimkuta amekaa kwenye kiti cha kamba, na duara jingine amelianzisha ng'ambo ya barabara. Nikapiga magoti, nikamwamkia, nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa zile siku tisa.

Alifikiri kwanza, kama anayezitafuta. Kisha akasema, "Binti yangu, kabla yako alikuja mganga. Akatuambia tutoboe kusini. Tulitoboa siku ishirini. Yeye alisema *ipo*. Wewe ulisema *nadhani*." Akapokea bahasha, akaiweka chini ya kiti bila kuifungua. "Lakini ulisema nadhani kisha ukanyoosha mkono. Siku nyingine ukisema nadhani, mkono uache chini."

Mwaka huu nina wanafunzi wanne, mmoja wao binti wa stashahada kutoka Maswa, wa wale ambao serikali sasa imeanza kuwakopesha pia katika baadhi ya fani, madini ikiwamo. Alikuwa amesaini. Hata hivyo siku ya kwanza nilimpeleka kwa mama anayetulisha pale getini, nikamwambia amfungulie ukurasa kwa jina langu mpaka mwezi upinduke, maana kusaini ni jambo moja na kuingia kwa fedha ni jingine.

Wiki iliyopita tulishuka pamoja kwenye duara la jirani yetu mmoja, mchimbaji mdogo, ambaye mkanda wake umekatika. Wachimbaji walisimama nyuma yetu na nyundo zao, wakingoja. Mwenye duara akamwuliza yeye, akaniruka mimi makusudi, kwa namna watu wa huku wanavyopenda kumjaribu mgeni. Niliona mabega yake yakikakamaa. Niliona anavyoitazama ile sura ya mwenye duara, na nikajua anahesabu sahani zake.

Nilinyamaza. Akatoa dira. Akaishika juu ya mwamba, akainama kusoma, halafu akasita, akaitazama kulia na kushoto. "Samahani, baba," akamwambia mwenye duara, "naomba kaka zangu warudi nyuma na vyuma vyao. Na ule mtaimbo, tafadhali. Nataka nipime tena."

Mwenye duara akanigeukia. Mimi nikauchukua mtaimbo, nikaanza kuusogeza kuelekea kwenye ngazi.